Mbuzi Aliyepaswa Kwenda kwa Pendo

Harufu ya mgomba uliokatwakatwa ina ubichi wa aina yake, kama maji yaliyolala kwenye mtungi, ikichanganyika na kinyesi cha mbuzi na moshi wa jiko la kuni. Ndivyo ulivyonuka uwanja wa Bibi, mteremkoni mwa Meru, juu kidogo ya Moshono, masika yale nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Mvua ilianza kabla hatujaamka, ukungu ukashuka hadi kwenye mibuni, na mlima wenyewe tukauona mara chache tu, kama mgeni mwenye haya anayechungulia mlangoni.

Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Nilifuta ukurasa mzima kwa ajili ya herufi moja iliyopinda, na miaka miwili kabla ya masika yale, nilipokuwa wa pili darasani, nililia hadi nikatapika. Mama alinikemea, Baba akanicheka. Jumamosi iliyofuata Bibi alinipa mtamba wa mbuzi wa maziwa, mweusi, amefungwa jani la isale shingoni. Kwetu isale ni mmea wa mipaka ya shamba, na pia ni jani la heri; kitu kilichofungwa isale kimetolewa kwa moyo mweupe. "Huyu hafutiki," Bibi aliniambia. "Akikupiga teke, amekupiga. Akikojolea ndoo, unaosha ndoo, unaendelea." Sijawahi kupewa kitu kilichonijua vile. Lakini mbuzi huyo alikuja na desturi yake: mwanambuzi wa kwanza jike si wako. Unamkabidhi mtoto mwingine wa ukoo, naye wake akizaa jike wa kwanza, anamkabidhi mwingine. Aliyenifuata mimi alikuwa Pendo, binti wa baba mdogo, aliyeishi ng'ambo ya kijito.

Nilimlea mbuzi wangu kama mtihani. Nilifagia banda asubuhi na jioni, nikapanga majani kwa urefu, na kila Jumamosi nikamwogesha kwa sabuni ya mche ili Jumapili awe safi kama sisi tuendao kanisani. Alikuwa akipiga chafya hadi Jumatatu. "Dada Neema," Pendo aliniambia siku moja, ameegemea banda na muwa mdomoni, "huyu mbuzi unamwandaa kipaimara?" Aliingia na miguu yake ya matope, akamkuna kati ya pembe, na mbuzi wangu, ambaye mimi alinivumilia tu, akafumba macho na kumwegemea. Hapo ndipo kitu kiliponishika kifuani. Pendo hakufagia chochote. Pendo alisahau hata kandambili zake kwetu. Na bado kila chenye uhai kilimwendea.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Watu huisema kwa masikitiko. Mimi niliifanya sala. Mzao wa kwanza Mungu alinisikia, likaja dume, nikaimba siku nzima. Mzao wa pili, katikati ya masika yale, akaja jike mwenye sikio moja jeupe. Nilimpenda kabla hajasimama. Nilimfuata Bibi jikoni. "Bibi, Pendo hawezi kulea. Atamsahau mvuani." Bibi aliendelea kumenya ndizi. "Na wewe utamwosha mpaka afe," alisema. "Akishaacha kunyonya, atakwenda."

Sikuweza kungoja. Kila siku niliyomwona akirukaruka ilikuwa siku ya kumwazia mikononi mwa Pendo. Basi Bibi alipokwenda Engutoto kumtazama shangazi aliyejifungua, nilimfunga mwanambuzi jani la isale, nikamvusha kijito, nikamwachia Pendo kamba. "Mchukue. Ni wako." Mwanambuzi alikuwa hata hajazoea kula majani. Sikutaka kutoa, nilitaka tu kuacha kuumia. Wanasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo wangu siku ile haukuwamo.

Kesho yake mama mbuzi alilia mpaka sauti ikakauka. Kiwele chake kilikuwa kigumu kama jiwe, chenye moto, na kila nilipogusa chuchu alinipiga teke. Nilijaribu taratibu, nikajaribu kwa maji ya uvuguvugu, nikaketi kwenye tope nikilia naye. Ndipo Pendo akatokea kwenye mvua, tumbo limevimba chini ya sweta. Alifungua sweta, likachomoza sikio jeupe.

"Amelia usiku kucha, dada. Anamtaka mama yake." Alimweka chini, na mwanambuzi akakimbilia kiwele. Tulisimama tukimsikiliza akinyonya kwa pupa. Kisha Pendo akaninyooshea kamba. "Kama unamtaka, baki naye tu. Mimi sitamwambia Bibi."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa ninachokitaka waziwazi namna ile. Kamba ilikuwa mbele yangu. Nilimwonea wivu hata wema wake, kwamba ulimtoka bila jasho ilhali mimi wangu niliuvuta kama ndoo kutoka kisima kirefu. "Mlete tena jioni," nilisema. "Na asubuhi. Mpaka aache kunyonya." Akacheka, akasahau kandambili moja kwenye tope. Masika yote alivuka kijito, na mbuzi wangu alisimamisha masikio kwa hatua zake, kamwe si kwa zangu. Iliniuma kila siku. Kila siku niliwafungulia mlango wa banda.

Sasa ninaishi mjini, Njiro, kwenye nyumba za kuta ndefu, ambako jirani humjui ila kwa honi ya gari lake. Nashona nguo, ufundi niliojifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona upya. Mwaka huu nimemfundisha msichana mmoja kukata kola, na anakata vizuri kuliko mimi, huku akipiga soga. Nilidhani wivu ni ugonjwa wa utotoni, kama surua. Jana mteja wangu wa siku nyingi alisimama mlangoni na kitambaa chake, akanipita kwa macho, akauliza, "Yule binti yupo?" Kifua kikabana vilevile. Nikasogeza kiti changu kutoka njiani. "Yupo," nikamwambia. "Ingia."