Msiba wa Vitumbua

Juzi askari kalipiga teke jiko la jirani yangu hapa Kinondoni, nami nikamtukana huku mwanangu yuko mgongoni. Sijutii. Harufu ya iliki na mafuta yaliyomwagika mchangani ilinirudisha uani kwetu, alasiri ile ya utotoni mwangu, mama na wenzake walipokuwa wakipika vitumbua vya kuuza bila kibali.

"Jamani, askari anakuja!" mwenzao mmoja alinong'ona. Majiko yao mawili yalikuwa yameshavunjwa na askari. Walibakiwa na hilo moja tu.

"Jitandeni kanga, mkae mkekani, mlie," mama aliamuru. "Matanga hayakosi mapishi."

Mie nilidhani bibi yangu kafa. Nilipiga yowe, nikagaagaa mchangani. Askari alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Poleni kwa msiba, mama zangu."

"Tumeshapoa, baba."

Alipokwenda zake, wanawake walicheka hadi wakashika mbavu, mie bado nalia. Mama alinipakata, akakipuliza kitumbua kikapoa, akanipa.

"Hajafa mtu, mwanangu. Kula."

Mkono wake ulikuwa ukitetemeka mgongoni mwangu, nami nikadhani ananibembeleza.