Fundi wa Bomba Aliyenivunjia Sakafu Sasa Anataka Kumuoa Binti Yangu

Admin, ficha jina langu na mtaa wangu, maana sisi Wanubi wa Kampala tunajuana hadi kwa vikohozi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, mjane. Nyumba ninayoishi tuliijenga na marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa malori ya Juba. Nina mtoto mmoja tu, binti wa miaka ishirini na sita, hapa nitamwita Hawa. Amemaliza masomo, kazi bado hajapata, kwa hiyo tunashinda wote nyumbani.

Mwaka huu bili ya maji ilianza kupanda bila sababu. Tukifunga mifereji yote, mita bado inazunguka. Nikauliza majirani, wakaniambia kazi ya kutafuta maji yanapovuja na kurekebisha haizidi laki moja na nusu, labda bomba liwe limeoza kabisa. Mwanamke mmoja tunayeswali naye akanipa namba ya fundi. Mungu amsamehe, mimi bado.

Kijana akaja na begi lenye spana mbili na manukato ya kumtosha bwana harusi. Akazunguka nyumba, akagonga ukuta kwa vidole kama daktari, akasema, "Hajati, wewe tulia tu. Bomba iko mbovu chini ya hii nyumba. Lazima tunapasua."

"Tunapasua wapi?"

"Hapa sebuleni."

Wenzangu, vigae vya sebule ile mume wangu alivinunua kwenye maduka ya Nakivubo akiwa tayari anaumwa. Alivichagua kimoja kimoja, muuza duka akachoka naye. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya katika nyumba hii. Nilisimama mlangoni nikiangalia nyundo inashuka, nikajiambia maji ni maji, nitafanya nini.

Akachimba mtaro kutoka mlangoni hadi chini ya televisheni. Zile laki moja na nusu zikaisha. Ikaja pesa ya mashine ya kukatia saruji, ikaja ya mabomba mapya, ikaja ya boda ya kuyaleta, kila siku boda, utafikiri mabomba yanatoka ng'ambo. Tukakaribia milioni mbili na mita bado inazunguka. Wiki zinakwenda, yeye anakula gurusa, chapati zetu za Kinubi, nilizopika kwa mikono yangu, anashushia chai, anasema, "Hajati, leo tumekaribia." Mtu mzima mwenye ndevu, anakaribia kila siku na hafiki!

Siku moja shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kunitembelea. Akaenda choo cha nje, kinachotumiwa na wapangaji wangu wa vyumba vya uani. Akarudi akicheka. "Shemeji, kile choo maji yanashuka bila kukoma. Kifaa cha ndani ya tangi kimekufa." Tukaenda kufunga maji ya choo kile, tukaangalia mita. Imesimama kimya. Kifaa chenyewe dukani hakifiki elfu arobaini.

Nikampigia fundi aje. Akaja mbio, kumbe alidhani nimempikia. Nikamuuliza mbele ya shemeji, "Hukukiona choo?" Akainamisha kichwa. Fundi mzima, anaangalia viatu vyake! Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamwambia hata paka wangu angesikia maji yale.

Ndipo Hawa akatoka chumbani. "Mama, usimgombeze peke yake. Alikiona siku ya kwanza, akaniambia."

"Kabla ya kuvunja sakafu?"

"Kabla. Mimi ndiye nilimwomba asikwambie. Kazi ingeisha siku hiyohiyo, nisingemwona tena. Wewe unaniruhusu kwenda wapi, Mama? Hata dukani unanihesabia dakika."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Si pesa iliyonikalisha. Mwanangu alisikia kila kigae cha baba yake kikipasuka, akaenda jikoni kumchemshia chai anayekipasua.

Mnadhani kijana aliona haya? Wiki haijaisha, akamtuma shangazi yake kwangu. Mama huyo amevaa gomesi, gauni la Kiganda, inang'aa, amepiga magoti vizuri kama Waganda wanavyofanya, anasema kijana wao yuko tayari kusilimu, na vigae vipya atavipanga mwenyewe bila malipo, vihesabiwe kwenye mahari. Yaani mahari anataka kunilipa kwa pesa yangu! Na dini yangu ataiweza vipi, mtu aliyeshindwa na tangi la choo?

Shemeji anasema nikubali, eti kijana amekosea kwa sababu ya mapenzi, na Hawa si mtoto. Hawa mwenyewe hapigi kelele. Ananisalimia asubuhi, anapika, anafagia ule udongo wa sebuleni, halafu ananiambia kwa sauti ndogo, "Ukikataa nitaondoka, Mama. Sitakutukana, nitaondoka tu." Mimi namjua, ataondoka.

Kijana yule namdharau kutoka kisogoni hadi kwenye soli za viatu. Siwezi kumwona bila kusikia ile nyundo. Lakini usiku mwingine najiuliza, mwanangu alibanwa kiasi gani hadi akaona heri nyumba ivunjwe?

Wale wa kuandika "mama, muache mtoto aolewe," njooni kwanza mkae kwenye sebule yangu. Na wale wa kusema nimfukuze, mje mkae nami Hawa akishaondoka, maana sina mwingine.

Shangazi wa kijana na watu wake wanataka jibu langu Ijumaa hii. Wazazi wenzangu, mngekuwa mimi, mngemfungulia mlango mtu huyu?