Mguu wa Fundi Kesho

Baba Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi Kesho. Jina hilo hakubandikwa na maadui. Alilichuma mwenyewe, kwa jasho lake, kwa kumwambia kila mteja kwamba nguo itakuwa tayari kesho. Mimi ni mtoto wa kaka yake na ndimi ninayetia vifungo na kukunja pindo dukani kwake, kwa hiyo ninayoyasema si ya kusimuliwa. Sketi yangu mwenyewe ina zipu mbovu tangu mwaka juzi. Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini huyu hata ndugu zake hawanyoi.

Tatizo ni gitaa. Linaning'inia ukutani, juu ya mabaki ya bitana, na halikai hapo muda mrefu. Baba Mdogo akishaunganisha mikono miwili ya shati anajiona amefanya kazi ya kutosha. Ananyoosha mgongo, anachungulia mlangoni kama mwizi, kisha anainama na kuuvua mkanda wa cherehani. Mkanda ukivuliwa, sindano haiendi tena hata ukikanyaga vipi. Linalozunguka ni gurudumu la chini peke yake, na kanyagio linagonga taka-taka, taka-taka. Mguu wake unashika mwendo huo, mikono inashika gitaa, na shati la watu linabaki bila kola. Mke wake, Mama Mdogo, akija kuuliza mbona kazi hailali wala haiamki, anajibiwa kwamba cherehani imekuwa ikienda tangu asubuhi, kwani hakuisikia?

Wateja nao wanaingia wamenuna. Wanaonyeshwa benchi, na kabla hawajamaliza kulalamika, viatu vyao vimeanza kugonga sakafu. Nimemwona dereva wa lori aliyekuja kwa shari kufuata suruali yake, akaondoka anapiga mluzi, bila suruali. Nina maana ile aliyoifuata. Nyingine alikuwa ameivaa.

Siwezi kumlaumu sana. Akipiga, ule uso wake wa kuhesabu sentimita unalegea, na unaona wazi kwamba mtu huyu ana furaha. Tena furaha yenyewe haimkai tumboni. Akipata kipande kipya cha wimbo ananiita niache vifungo nisikilize, kisha anamwita Mama Mdogo aache sufuria, kisha anamwita yeyote anayepita njiani, hata asiyemjua.

Basi mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara, mama mkali aliyekaribia kustaafu, alileta kitambaa cha gauni la kuagwa. Alikaa kwenye lile benchi mara nyingi kuliko gauni lilivyohitaji. Siku alipolichukua, likiwa limekamilika, jambo ambalo lilinishtua hata mimi, alimwomba Baba Mdogo aje kupiga gitaa kwenye ukumbi wa shule siku ya kuagwa kwake. Baba Mdogo aliitikia kabla mama wa watu hajafunga mdomo.

Jioni ile hakugusa gitaa. Nilimkuta amekaa anasokota uzi vidoleni, nikamuuliza kulikoni.

"Sijawahi kumpigia mtu aliyekuja kunisikiliza," akasema. "Wote wale wanasubiri nguo."

Nikamwambia mbona kila siku wanamsifu.

"Mtu anayetaka suruali yake atasifu hata kikohozi changu."

Nilicheka, nikaona mwenzangu hacheki. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeviona vilemba vya ukoka alivyovikwa pale benchini. Lakini maji alishayavulia nguo.

Siku ilipofika alivaa shati lenye kola na vifungo vyote. Ukumbi ulikuwa umejaa walimu, wazazi na watu wazima waliosomeshwa na yule mama walipokuwa wadogo. Wakamweka Baba Mdogo jukwaani kwenye kiti, kipaza sauti mbele yake. Akaanza vizuri. Halafu nikauona mguu wake wa kulia unapapasa. Unashuka, unakuta sakafu, na sakafu hairudi juu. Vidole vikakimbia mbele, vikajaribu kurudi, vikagongana, akasimama. Akaanza upya, akasimama tena palepale. Nyuma mtu akacheka kidogo. Baba Mdogo alilitazama gitaa kama anavyotazama nguo aliyorudishiwa na mteja. Mimi ambaye kumcheka ndiyo kazi yangu ya pili, siku hiyo sikucheka.

Mama Mdogo akanyanyuka. Huyu ndiye aliyeulalamikia ule mkanda tangu alipoolewa.

"Mguu wake hauna pa kukanyaga," akaniambia. Kisha akawageukia walimu wawili wanaume waliosimama mlangoni na kuwaomba wakambebee cherehani, duka lilikuwa hapo tu. Mmoja akauliza kama waibebe nzima.

"Leteni meza na kanyagio lake. Kichwa kiacheni," akasema Mama Mdogo. "Kwenye muziki huwa hakimsaidii."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Baba Mdogo naye akacheka huko juu. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba nje kuna soda, anayetaka atoke anyooshe miguu wakati tunasubiri. Baba Mdogo alikumbatia gitaa na kuwatazama watu wale, safu baada ya safu, na nilijua anachokitazama. Hapakuwa na hata mmoja mwenye nguo dukani kwake, ukimtoa mwenye sherehe, na yeye alikuwa ameshaivaa yake. Hakuna aliyetoka. Walikaa, wakapiga soga, wakamngoja.

Walimu walirudi wanahema, meza mikononi, ina tundu pale kichwa kinapokaa. Baba Mdogo akaweka mguu. Taka-taka, taka-taka. Mikono ikafuata, na safari hii haikupotea njia. Akapiga nyimbo zake zote, akarudia ya kwanza, na watu wakaimba walichokijua na kupiga makofi kwa wasichokijua. Mwalimu mkuu alicheza mpaka nikaanza kuuogopea ule upindo niliokunja mimi. Ulihimili. Mimi nililia, na Mama Mdogo akanipa ncha ya mtandio wake nijifute bila kunitazama, maana naye alikuwa na shughuli hiyohiyo.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alitokea dukani. Nikajua upindo umefumuka.

"Itakuwa tayari kesho," Baba Mdogo akasema kwa mazoea, hata hajauliza ni nini.

"Sijaleta nguo," akajibu yule mama, akaketi kwenye benchi.

Baba Mdogo alikuwa katikati ya sketi yangu, zipu mpya imeshaingia nusu. Alimtazama mama yule, akanitazama mimi. Kisha akainama akauvua mkanda, na mlangoni hakuchungulia.