Safu Zilizojipanga Zenyewe

Lightness wa Mzee Yoeli, binti wa Kitandililo, ndiye aliyetutengenezea programu ya kutunza kumbukumbu za maparachichi pale ghalani Makambako. Tulikaa meza moja. Alikuwa mwangalifu mpaka anaudhi. Chai inapoa yeye akihakiki herufi. Baba yake aliwashawishi majirani wapande parachichi kwa sababu hiyo tu: "Binti yangu yumo humo ndani."

Majedwali hakuyachora kwa mkono. Yeye anaeleza anachotaka, programu inaunda jedwali yenyewe. Kwenye kompyuta ya Njombe, alikoanzia kazi hii, ilianza na safu ya tarehe ya kupuliza dawa, ikafuata ya kuvuna. Sasa huku kwetu mtandao ni wa kubembeleza, hivyo akaja na kumbukumbu zote kwenye flashi, akaiacha programu iunde jedwali upya, akazimwaga humo kwa mpangilio ule wa Njombe. Safari hii programu, kwa sababu inazozijua yenyewe, ilitanguliza kuvuna. Nani angeshtuka? Tarehe ni tarehe, kompyuta ilizimeza zote bila kukohoa, za dawa zikakaa chini ya kuvuna na za kuvuna chini ya dawa.

Mnunuzi wetu, anayekagua kumbukumbu hizo kabla ya kupokea mzigo, akasoma kwamba kikundi kizima cha wakulima wa Kitandililo kilipulizia dawa matunda yaliyokwisha kuvunwa. Akakataa mzigo.

Kesho yake Lightness aliliona kosa na kulirekebisha kwa mstari mmoja, wa kutaja kila safu kwa jina badala ya kuamini nafasi yake. Mnunuzi akajibu kuwa kumbukumbu zinazobadilika baada ya mzigo kukataliwa haziaminiki, na mkataba umekwisha. Nilitamani kuipiga ile kompyuta teke. Lightness aliendelea kuhakiki herufi, maparachichi ya kijiji chake yakilainika nyuma yetu. Yaliishia kwa ng'ombe.

Jumamosi nilimsindikiza nyumbani kuomba radhi. Tulisikia msumeno kabla hatujafika. Mzee Yoeli alikuwa ameshalaza nusu ya shamba, miparachichi na matunda yake mabichi.

"Baba, subiri! Nimesharekebisha. Msimu ujao tutapata mnunuzi mwingine."

"Sijakukasirikia, mwanangu. Majirani hawanisalimii, hilo nalo litapita. Ila hapa napanda miti ya mbao. Mbao haziulizwi tarehe."

"Lakini mpaka ikomae, baba, wewe utakuwa..."



"Najua," alisema mzee, akawasha msumeno tena.