Barua ya Mtendaji Iliyomuua Baba

Leo baba yangu kasomewa kwamba ni marehemu, naye amekaa pale pale kwenye benchi, kofia mkononi.

Naandika hapa internet kafe kwa hasira.

Mdogo wangu Agripina kapata divisheni wani, kidato cha sita. Kuna ofisi hapa Songea mjini inalipia chuo waliofaulu vizuri. Waliofaulu, jamani, siyo wenye shida! Barua ya mtendaji wa kijiji ni ya kuthibitisha tu kwamba mtoto anatoka pale. Baba kalala kwangu Ruhuwiko ili tuwahi, maana mwisho wa kupokea fomu ni leo.

Kumbe mtendaji wetu huruma imemzidi. Kaandika: "Ni yatima, baba alifariki." Ndivyo anavyomwandikia kila mtoto anayetafuta msaada! Bahasha kaifunga na kuigonga muhuri, sisi tungejuaje?

Bwana wa ofisini kaisoma kwa sauti, kisha kamgeukia Baba.

"Shikamoo mzee. Wewe ni nani wake?"

"Marahaba. Mimi ndiye baba yake."

Akaikunja ile barua.

Nikamwambia, kaka, matokeo yapo karatasi ya pili, yaangalie basi! Hakufunua.

"Dada, mmeanza na uongo." Fomu karudisha.

Yaani ufadhili wa ufaulu, na ufaulu wenyewe hakuna aliyeutazama!

Tumetoka nje, Baba kavaa kofia yake, kaniuliza taratibu:

"Sasa mwanangu, ningekuwa nimekufa kweli, wangempokea?"

Mjibuni ninyi.