Uzito wa Mashangazi

Mimi sijui kunyenyekea mbele ya gari. Gari ni mabati na nati. Likinisumbua nalitukana, likikubali nalisifu. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja aliposimamisha gari lake la milango miwili mbele ya banda letu la matairi pale Msamala, na watu wakajaa kulishangaa, mimi nilimwuliza tu, "Bosi, pancha?"

Hakuwa na pancha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, magari yaliyotumika ya Japani yameanza kupanda mpaka Songea, na yeye alikuwa ameagiza la mbio, lenye kunguruma hata likiwa limesimama. Rimu za kiwandani alishazitoa, akafunga za spoti, pana zaidi. Sasa buti lilikuwa limebeba matairi mawili mapya ya nyuma, mapana ajabu. Alikuwa anaoa Jumamosi, binti wa hapahapa, na alitaka gari lisimame kanisani likiwa limetanua nyuma kama fahali.

"Mafundi wawili wamenikatalia," akasema. "Wewe utaweza, dada?"

Nikajibu nitaweza, kabla hata sijapima. Baba yangu, mwenye banda, alikuwa amepooza upande wa kulia, na mdogo wake alishakuja kutoka Mshangano mara tatu kutaka banda ligeuzwe grosari ya bia. Kila mtu wakati ule alikuwa anafungua grosari. "Nani atamletea binti gari?" ndiyo iliyokuwa hoja yake. Baba akamwomba asubiri mpaka mwisho wa mwezi, aone kama nitaiweza kazi. Mwezi ulikuwa unaisha Jumapili, na mimi mpaka hapo nilikuwa nimeziba pancha za baiskeli, basi.

Alhamisi nikayavalisha matairi yale kwa mitaimbo miwili na sabuni ya mche. Nikajaza upepo, yakakaa kwenye rimu kwa mlio wa paa! Nikafunga, nikashusha jeki, nikaingiza mkono. Kwa ndani, kutoka kwenye shokapu, nafasi ya vidole viwili. Kwa nje, kwenye ukingo wa madigadi, lile bati la juu ya tairi, kidole kimoja. Bosi akalitoa peke yake mpaka njia ya Namtumbo, akarudi meno yote nje. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi na koti lake. Nikapika ugali siku hiyo naimba.

Ijumaa mchana gari likarudi linanuka mpira ulioungua. Kabla sijauliza, mlango ukafunguka, wakajitoa kwa shida akina mama wawili, wanene, wamefura kwa hasira. Nikawatambua: shangazi zake bibi harusi.

"Shikamooni."

"Marahaba. Ndiyo wewe uliyetufungia hili jini? Kila shimo linakwaruza, sisi tunadhani tunaungua!"

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu bibi harusi hapandi gari peke yake. Shangazi zake wawili hukaa naye huku na huku mpaka mlango wa kanisa. Bosi ni mtu wa kuja, hilo ameambiwa siku ileile, akaenda kuwachukua wazoee njia. Lakini mimi? Mngoni mzima, niliyezaliwa Songea, nimepima gari tupu kama vile kuna gari linalotembea tupu katika mji huu! Gari liliposhuka kwa uzito, ule ukingo wa madigadi ulikalia tairi moja kwa moja. Nikaona tayari mpira umechanika juujuu.

Baba mdogo akainuka, akajikung'uta koti. "Basi," akasema, "Jumatatu naleta meza za grosari." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikamgeukia, mdomo umeshanitangulia. "Baba mdogo, kaa chini. Jumatatu haijafika."

Nikaingia jikoni kwa mama. Nikabeba mchi wake wa kutwangia mahindi, mti mgumu, laini kwa miaka ya mikono. "We mtoto, unapeleka wapi mchi wangu?" Nikamwomba achemshe maji. Ukingo ule una mdomo wa bati uliojikunja kuelekea tairi; niliona kwamba mdomo ukilazwa juu, nafasi itapatikana. Nikabandika matambara ya maji ya moto juu ya rangi ili isipasuke, nikaupachika mchi kati ya tairi na bati, nikawaambia wanaume wasukume gari polepole. Mchi ukabingirika na tairi, ukalikunja bati taratibu. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

"Sasa shangazi mmoja aingie," nikasema.

"Mimi ni jiwe la mizani?" Lakini akaingia. Gari likashuka, mchi ukabana zaidi, tukasukuma tena. Akaingia wa pili. Bati likalia kidogo, likatii. Nikahamia upande wa pili, nikaanza upya, jasho linaniingia machoni. Mahali pamoja rangi ilipasuka, ufa mdogo kama ukucha. Nikamwonyesha bosi mwenyewe, maana sikutaka aje kuukuta. Akasema, "Endelea, fundi." Alisema fundi, si dada. Nililisikia hilo vizuri.

Nikakoroga unga wa muhogo mzito, nikaupaka ndani ya madigadi yote mawili. Tairi likigusa popote, unga utafutika. Ili uzito utimie, alikosekana bibi harusi. Mama, kanga yake kiunoni, akapanda akajibana katikati ya mashangazi, wakapiga vigelegele mtaa mzima ukacheka. Bosi akaliendesha kwenye kila shimo la Msamala, akavuka mfereji, akakata kona kali sokoni, akarudi.

Nikalala chini na kuchungulia. Kulia unga mweupe, mzima. Kushoto unga mweupe, mzima. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Nilimkumbatia baba pale kwenye kiti chake, na yeye akalia, mkono wake mmoja mzima ukinipigapiga mgongoni.

Jumamosi msafara ulipita mbele ya banda. Gari la mbio mbele, nyuma limetanuka, honi hailali, bibi harusi katikati na mashangazi wake huku na huku wakipunga vitambaa. Hakuna mkwaruzo. Mimi nilisimama barabarani na ovaroli langu chafu, nikapunga mpaka vumbi likatulia. Sijawahi kuvaa nguo iliyonipendeza kuliko ile.

Jumatatu dereva wa lori la tumbaku akaingia na tairi moja limeisha upepo. Akatazama huku na huku, akamwona baba mdogo kwenye benchi na koti lake. Alikuwa amekuja kweli, lakini bila meza. Dereva akamwendea kwa heshima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," akaitikia baba mdogo, akasogea kumpisha kwenye benchi. "Fundi ni yule binti mwenye grisi usoni. Kaa hapa tumsubiri, ana kazi."