Moyo Haupimwi Umekaa

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya Ujamaa, mwanangu, nilipomshitaki Baba Mkubwa kwa uvivu mbele ya kijiji kizima. Tulikuwa shamba la pamoja, upande wa Msanzi, tukilima ntumba, yale matuta ya duara ya kwetu Ufipa ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze. Mimi nilikuwa mhesabuji. Nilihesabu mara mbili, maana mtu akijihesabia mwenyewe, matuta huzaana.

Baba Mkubwa kila akifika tuta la tano alisimama, mkono kifuani. Akikaa kivulini kidogo, maumivu yanakwisha.

"Baba Mkubwa," nikasema, "ugonjwa wako una adabu. Ukiona kivuli, unaaga."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alisema asiyetimiza matuta ni kupe, na jina lake litasomwa mkutanoni Jumamosi. Mzee yule, aliyelima tangu ujana, akaweka jembe begani akaenda zahanati, nami nikatumwa nimfuate.

Mama mganga wa zahanati alimpima amekaa. Moyo ukapiga vizuri. Nikatabasamu, akaniona.

"Wewe mhesabuji, maumivu humjia lini?"

"Tuta la tano, Mama. Siku zote. Nimehesabu mara mbili."

"Mvivu gani huyo asiyekosea hesabu hata siku moja? Haya, mzee, chukua jembe lako."

Akalima nyuma ya zahanati. La tano halikuisha. Jasho likamtoka, mama akamkalisha haraka, akasikiliza tena. "Moyo huu ukipumzika unatosheka. Ukifanya kazi, damu haiufikii ya kutosha. Nawe kijana uliuona ugonjwa kabla yangu, ukaubatiza uvivu."

Nilitamani nifukiwe pamoja na nyasi. Jumamosi nilisimama mkutanoni nikayafuta maneno yangu. Baba Mkubwa akapewa kazi ya kuchagua mbegu, akaishi hata akacheza harusini kwangu, akilalamika kwamba pombe ya ulezi haikutosha.

Juzijuzi ikawa zamu yangu: nikipanda mlima kwenda kanisani, kifua kinabana. Hospitalini nilidhani watanipasua. Kumbe daktari, binti mdogo, alinipaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kidude, na mawimbi ya sauti yakauchora moyo wangu kwenye kioo. Nimelala, moyo safi. Akanipandisha kwenye mkanda unaotembea.

"Binti, tufanye nusu."

"Babu, hapa hatupatani bei. Tembea."

Akatazama tena: upande mmoja wa moyo ulikuwa unasuasua. Mshipa wa damu umekuwa mwembamba. Hakuna kisu kilichonigusa. Nina dawa zangu, na mlima naupanda polepole, nikiimba.

Mwanangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifua kikikubana ukiwa kazini, usijisifu kwamba ukikaa kinaachia; nenda upimwe, useme ulikuwa unafanya nini kilipobana. Na ukimwona mwenzio amesimama katikati ya shamba, muulize kwanza, ucheke baadaye. Mungu akupe moyo mpana, na mishipa yake aipanue mara mbili.